Kuadhimisha Solistisi katika Upagani wa Kisasa: Tatizo la Istilahi Likitazamwa kutoka Mazinde, Korogwe

Ikisiri

Makala haya yanaeleza sikukuu ya solistisi ya Juni kama inavyoadhimishwa na Wapagani wa kisasa wa Ulaya, kisha yanachunguza ugumu wa kuieleza sikukuu hiyo kwa Kiswahili. Mahali palipochukuliwa kuwa kipimo ni Mazinde, Wilaya ya Korogwe. Hoja inayotetewa ni kwamba maneno matatu yanayomjia mfasiri kwanza, yaani kiangazi, upagani na uchawi, humpeleka msomaji kusikokusudiwa, na kwamba kosa hilo si la lugha peke yake. Linaanzia katika mwendo wa jua lenyewe, ambalo Mazinde halifanyi kile linachofanya Uingereza.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili kuhusu dini mpya za Ulaya hukutana mapema na sentensi fupi inayomsumbua: Wapagani husherehekea solistisi ya kiangazi tarehe 21 Juni. Karibu kila neno katika sentensi hiyo lina idhini ya kamusi. Hata hivyo, msomaji wa Mazinde akiisoma anapata picha ya watu wasio na dini wanaoshangilia ukame katika mwezi wa baridi. Picha hiyo haina ukweli hata nusu, na aliyeileta ni mfasiri.

Mazinde iko kando ya barabara itokayo Korogwe kwenda Same na Moshi, kati ya Mombo na Mkomazi, chini kabisa ya ukuta wa milima ya Usambara Magharibi. Nimepachagua kwa sababu mbili. Kwanza, mahali hapa ni takriban digrii 4.8 kusini mwa Ikweta, hivyo ni kusini kwa hesabu lakini ni Ikweta kwa maisha ya kila siku. Pili, Mazinde ina historia iliyoandikwa. Ndipo Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, alipojijengea nguvu katika nusu ya pili ya karne ya 19, akiacha heshima ya Vugha mlimani na kushika njia ya misafara nyikani. Watu waliofuata njia hiyo ndio waliowapa wenyeji majina ya kidini ambayo wenyeji hawakuyaomba. Suala hilo litarejewa mbele.

2.0 Sikukuu yenyewe

Solistisi ni wakati ambapo jua hufika ukomo wa safari yake ya mwaka, kaskazini au kusini, kabla ya kugeuka. Mwezi Juni, tarehe 20 au 21 kwa kawaida, jua la adhuhuri husimama juu ya Tropiki ya Kansa. Mwezi Desemba, tarehe 21 au 22, husimama juu ya Tropiki ya Kaprikoni. Sababu ni mlalo wa mhimili wa dunia, wa takriban digrii 23.4. Hilo linafahamika kwa yeyote aliyesoma jiografia ya sekondari na halihitaji maelezo zaidi.

Upagani wa kisasa ni jina la jumla la dini zilizoundwa au kufufuliwa katika karne ya 20, hasa Ulaya na Marekani, kwa kuchukua mifano kutoka imani za Ulaya za kabla ya Ukristo. Tawi linalojulikana zaidi ni Wika, lililotangazwa Uingereza na Gerald Gardner katika kitabu chake cha mwaka 1954, miaka mitatu baada ya Bunge la nchi hiyo kufuta Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735. Tawi jingine ni la Wadruidi, ambao mmoja wa viongozi wao, Ross Nichols, alianzisha jumuiya yake mwaka 1964. Kalenda wanayoitumia wengi wao, iitwayo Gurudumu la Mwaka, ina sikukuu 8: solistisi 2, ikwinoksi 2, na sikukuu 4 za katikati. Mpangilio huu wa sikukuu 8 kwa pamoja ulijengwa Uingereza katikati ya karne ya 20. Hutton (1996, 1999), mwanahistoria aliyeichunguza mada hii kwa kina, ameonyesha kwamba hakuna taifa la kale linalojulikana kuwa lilizishika sikukuu zote 8 kama mfumo mmoja. Hata jina Litha, ambalo wengi huliita solistisi ya Juni, lilitolewa katika maandishi ya mtawa Bede ya mwaka 725, ambamo lilikuwa jina la miezi miwili, na likapewa sikukuu hii katika miaka ya 1970.

Ugeni huo wa kalenda hauifanyi ibada kuwa ya uongo. Dini zote zilikuwa mpya siku moja, na mtafiti hana kazi ya kuwapima waumini kwa umri wa desturi zao. Kinachotakiwa kueleweka ni maana wanayoitoa wao. Wanaoadhimisha hukesha usiku mfupi kuliko wote, huwasha moto, huvaa maua na majani, na hungoja macheo wakiwa wamekusanyika. Mahali mashuhuri ni Stonehenge, kusini mwa Uingereza, ambako mawe yalisimamishwa kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita kwa namna ambayo macheo ya solistisi ya Juni huonekana karibu na jiwe moja lililosimama peke yake nje ya duara. Mkusanyiko huo uligeuka ugomvi wa wazi na polisi tarehe 1 Juni 1985, ukazuiwa kwa miaka kadhaa, na milango ikafunguliwa tena kwa wote mwaka 2000.

Jambo moja katika ibada hii hupitwa haraka na waandishi, nami naliona kuwa ndilo kiini. Solistisi ya Juni ni sikukuu ya furaha yenye huzuni ndani yake. Siku ambayo nuru imeshinda ndiyo siku inayoanza kupungua. Katika makundi mengi ya Wika maana hii huigizwa kwa pambano la wafalme wawili, Mfalme wa Mwaloni anayetawala nuru inapokua na Mfalme wa Holi anayetawala inapopungua. Siku ya Litha wa kwanza hushindwa na wa pili. Holi ni mti wa Ulaya usiopukutisha majani wakati wa baridi, na ndiyo maana umepewa nusu ya giza. Pambano hilo halieleweki bila tofauti kubwa ya mchana na usiku. London, siku ndefu kuliko zote ina takriban saa 16 na dakika 38 za jua, na fupi kuliko zote ina saa 7 na dakika 50. Mtu aliyeishi majira ya baridi ya namna hiyo, akienda kazini gizani na kurudi gizani, hahitaji kuelezwa kwa nini macheo ya Juni yanastahili mkesha.

3.0 Jua la Mazinde

Tuje sasa Mazinde na kipimo hichohicho. Kwa hesabu ya latitudo, siku ndefu kuliko zote hapa ni ya Desemba, nayo ina takriban saa 12 na dakika 24 kutoka macheo hadi machweo. Siku fupi kuliko zote ni ya Juni, yenye takriban saa 11 na dakika 50. Tofauti ya mwaka mzima ni dakika 34 hivi, imegawanywa katika miezi 6, basi kila siku huongezeka au kupungua kwa sekunde chache tu. Hakuna anayeiona.

Tena hesabu hiyo inachukulia kwamba upeo wa macho ni tambarare, na Mazinde si hivyo. Upande wa mashariki na kaskazini umezibwa na milima. Mlima unaofikia digrii 8 tu juu ya upeo huchelewesha jua kuonekana kwa zaidi ya nusu saa. Kwa maneno mengine, kivuli cha Usambara humnyima mtu wa bondeni mwanga wa asubuhi kiasi kilekile, au zaidi, ya kile ambacho solistisi mbili zingempa na kumnyang'anya kwa mwaka mzima. Anayehamisha nyumba yake hatua mia kadhaa kutoka mguu wa mlima hubadilisha macheo yake kuliko anayengoja miezi sita.

Lipo jambo la ajabu zaidi kuhusu kilele cha jua. Ulaya, siku ndefu kuliko zote ndiyo pia siku ambayo jua la adhuhuri hupanda juu kuliko siku nyingine yoyote. Mambo hayo mawili huja pamoja, na ibada huyachukua kuwa jambo moja. Mazinde hayaji pamoja. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na za mwanzo za Oktoba, wakati mchana na usiku vinakaribia kulingana. Siku ya solistisi ya Desemba jua la adhuhuri limeelekea kusini, na fimbo ya mita moja hutoa kivuli cha sentimita 34 hivi kuelekea kaskazini. Siku ya solistisi ya Juni kivuli cha fimbo ileile ni sentimita 54 hivi, kuelekea kusini. Kwa hiyo solistisi ya Mazinde inaweza kuonekana, lakini itaonekana chini, katika mwelekeo wa kivuli, wala si katika urefu wa mchana. Ibada iliyojengwa juu ya ushindi wa nuru ingelazimika kuchagua: ifuate siku ndefu ya Desemba, au jua la utosini la Machi na Oktoba? Wapagani wa Australia na New Zealand walikwisha kulitatua lao kwa kugeuza kalenda, wakaadhimisha Litha mwezi Desemba. Suluhisho hilo linatosha kwa mtu wa Melbourne. Karibu na Ikweta halitoshi, kwa kuwa kinachokosekana hapa ni tofauti yenyewe, si tarehe.

Lugha ya Kiswahili inalijua hili, ingawa haisemi. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na tena linapozama, na saa 12 jioni ni jioni mwaka mzima. Utaratibu huo unawezekana tu mahali ambapo macheo hayahami. Ungepelekwa London ungevunjika mwezi wa kwanza: Juni jua lingezama saa 3 na dakika 20 za usiku, na Desemba lingezama kabla ya saa 10 jioni. Waislamu wa Afrika Mashariki wanaoishi Ulaya waliliona hilo katika mwili wao mwaka 2015 na 2016, Ramadhani ilipoangukia solistisi ya Juni na saumu ikazidi saa 17. Mfungaji wa Mazinde hufunga saa 13 na kidogo, Ramadhani iwe mwezi gani. Kama ningetakiwa kumweleza mzee wa Korogwe kwa nini watu wa kaskazini wameifanyia solistisi sikukuu, ningeanza na saumu hiyo, si na mhimili wa dunia.

4.0 Mwaka wa Makunduchi si solistisi

Anayetafuta sikukuu ya jua katika Afrika Mashariki ataelekezwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye Mwaka Kogwa. Sherehe hii hufanyika mwezi Julai, na wageni wengi huielewa kuwa ndugu wa solistisi. Ndani yake mna moto: kibanda cha makuti huchomwa, na mtu aliyekuwa ndani hukimbia kutoka. Mna pambano: wanaume wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba, na ugomvi wa mwaka uliopita huhesabiwa kuwa umekwisha hapo. Mna kuoga baharini, ndiko jina la kogwa lilikotoka, mna nyimbo za wanawake na mna chakula kinachotakiwa kumfikia mgeni. Moto, pambano la pande mbili na mgeuko wa mwaka: mfanano na Litha unavutia kiasi cha kutosha kumpoteza mtafiti.

Lakini Mwaka hauhesabiwi kwa kulitazama jua. Unahesabiwa kwa siku. Kalenda yake ni ya Nairuzi, iliyokuja pwani kwa njia ya bahari kutoka Uajemi, yenye siku 365 zilizogawanywa katika miongo ya siku kumikumi na siku 5 za ziada. Mabaharia na wakulima wa pwani waliihitaji kwa sababu mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na hauwaambii lini kusi litaanza wala lini mvua itarudi. Kasoro ya kalenda hiyo ni kwamba haina siku ya nyongeza ya mwaka mrefu. Kwa hiyo Mwaka hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka 4, karibu siku 24 kwa karne. Katikati ya karne ya 19 ulikuwa ukiangukia nusu ya pili ya Agosti. Sasa uko Julai. Ikiwa hesabu itashikwa hivyohivyo bila kusahihishwa, baada ya karne moja hivi Mwaka utaangukia solistisi ya Juni, na nina hakika atatokea mwandishi wa wakati huo atakayetangaza kwamba amegundua sikukuu ya kale ya solistisi Unguja. Miaka michache baadaye utakuwa umekwisha kupita.

Aidha, watu wa Makunduchi ni Waislamu na hawauoni Mwaka kuwa dini nyingine. Wapo wanaoukosoa kwa misingi ya dini, na wapo wanaoutetea kuwa ni mila. Mjadala huo ni wao. Kuuweka Mwaka katika jalada moja na Litha, kwa neno upagani, ni kuuamua kwa niaba yao.

5.0 Maneno matatu

Neno la kwanza ni kiangazi. Juni, katika Mkoa wa Tanga, ni wakati masika yamekwisha na baridi ya kipupwe imeingia. Milimani juu ya Mazinde watu huvaa makoti. Kiangazi cha ukali huja baadaye. Kuiita siku ya 21 Juni solistisi ya kiangazi ni kumpa msomaji majira ya Ulaya kwa jina la majira yake. Napendekeza solistisi ya Juni na solistisi ya Desemba, majina yasiyodai hali ya hewa yoyote. Pale ambapo waumini wenyewe wanasisitiza joto na mavuno, basi iandikwe majira ya joto ya Ulaya, na Ulaya itajwe.

Neno la pili ni gumu zaidi. Katika Kilatini neno lililozaa upagani lilimhusu mtu wa kijijini, na Wakristo wa Roma wakalifanya jina la asiye wa dini yao. Watu wa pwani nao walikuwa na neno la namna hiyo, mshenzi, kwa yeyote wa bara asiyefuata ustaarabu wao. Njia ya misafara iliyopita Mazinde ilileta neno la pwani, na wamisionari wakaja na la Kilatini. Wakati huo Wasambaa walikuwa na lugha yao ya kueleza mambo hayo. Feierman (1990) ameeleza kwa urefu dhana mbili zilizobeba siasa na ibada zao: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme aliyeshika mvua aliiponya; wafalme wawili walioshindana kwa nguvu sawa waliiharibu, kama ilivyosadikiwa katika vita vilivyofuata kifo cha Kimweri mwaka 1862, ambavyo Semboja alikuwa kiini chake. Tambiko katika mfumo huo lilifuata haja: mvua imekawia, maradhi yameingia, mzimu haujakumbukwa. Halikungoja jua ligeuke, na tumekwisha kuona kwamba jua la hapa halina mgeuko wa kungojewa.

Kwa hiyo Mpagani wa Stonehenge na mtambikaji wa Usambara hawashiriki kalenda, wala asili, wala maana. Wanachoshiriki ni jina, na hata hilo hawakulipata kwa njia moja. Wa kwanza alilichagua na analivaa kwa fahari. Wa pili alibandikwa, na mpaka leo katika mazungumzo ya kawaida ya Kitanzania kumwita mtu mpagani ni kumwambia hana dini. Katika tasnifu ninayoiandaa, Upagani kwa herufi kubwa ni jina la wanaojiita hivyo peke yao. Kwa wengine natumia jina la ibada yao, na pale jina la jumla linapolazimu natumia dini za jadi, ingawa nalo lina mapungufu yake: linadokeza kitu kisichobadilika, na Usambara ilibadilika mno.

Neno la tatu ni uchawi, na hapa sioni nafasi ya mjadala. Waumini wengi wa Wika huitumia lugha ya uchawi kujieleza, na mfasiri mwaminifu hushawishika kuliweka neno hilo lilivyo. Uingereza ilifuta sheria yake mwaka 1951, na baada ya hapo neno likaweza kudaiwa upya na watu wasiokuwa na hofu ya mahakama. Tanzania Bara bado ina Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, yenye mizizi katika amri ya kikoloni ya mwaka 1928, na wapo vikongwe waliouawa nchini humu kwa neno hilo na macho mekundu tu. Neno ambalo London ni kitambulisho, kijijini linaweza kuwa hukumu. Naandika Wika na mfuasi wa Wika, na ninaeleza mara moja, katika sura ya kwanza, kwamba wenyewe hujiita kwa neno ambalo Waingereza wa zamani walilitumia kwa wachawi, na kwamba wanachokifanya siku ya solistisi ni kukesha, kuwasha moto na kungoja jua.